Mikono Miwili ya Kushoto

12 Januari

Kaka yangu Fundi,

Shikamoo kwa mbali, na salamu zimfikie wifi yangu pamoja na goti lake. Mwambie nimeuliza habari za goti kabla ya kuuliza zako, maana wewe hata ukiumwa husemi. Sisi huku wazima. Mjukuu wangu ameng'oka jino la mbele, sasa kila akitamka neno anapiga mluzi, na mwalimu wake ameniita shuleni mara mbili. Nimekwenda, nimeinamisha kichwa, nimesema nitamkanya. Nilipofika nyumbani nilicheka mpaka nikakaa chini.

Gunia la vipande lilifika Jumanne, limefungwa kwa lile fundo lako lisilofunguka bila mkasi. Asante. Miaka yote hii unanitumia masalio ya meza yako, na juu ya kila gunia unaandika TAKATAKA kwa herufi kubwa, unaogopa mchukuzi asije akadhani ni mali. Wanafunzi wangu siku hizi wananiuliza mlangoni, "Mwalimu, takataka zimefika?" Wanazigombania kwa viwiko.

Darasa mwaka huu lina watu kumi na wanne, wote watu wazima. Unaijua njia yangu: siku ya kwanza hakuna kushona. Kila mtu nampa nguo kuukuu afumue mshono, uzi mmoja mmoja, bila kukwaruza kitambaa. Wananuna kweli. Yupo mama mmoja, nesi mstaafu, ameshona ngozi za watu miaka thelathini, akaniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, tumekuja kujenga au kubomoa?" Nikamwambia afumue kwanza, tutaelewana baadaye. Sasa ndiye anayefumua vizuri kuliko wote, na tumekuwa marafiki.

Sufuria yangu kubwa haipiki tena chakula. Nimechemshia maganda ya vitunguu nikapata rangi ya dhahabu ambayo hakuna duka linaiuza. Halafu nimechukua shuka jeupe, nimelizungushia misumari yenye kutu, nimelimwagia siki na kuliacha juani siku tatu. Limetoka na alama za kahawia nzuri ajabu. Jirani yangu anaamini nimechanganyikiwa na amemwambia binti yangu.

Sasa jambo lenyewe. Jumba la maonyesho la hapa mjini, lile lenye ngazi pana, wameniita. Tarehe kumi na tano Agosti wanataka ukuta mzima uwe wangu. Si kona, wala si pamoja na watu wengine ishirini. Blanketi moja la viraka, mita nne kwa tatu, na jina langu pembeni. Kaka, nilipotoka mle ndani nilipitiliza kituo cha basi nikatembea mpaka nyumbani bila kujua.

Nataka blanketi hilo litoke lote kwenye meza yako. Kila kipande. Nitumie sufu nzito: kijivu, nyeusi, bluu ya giza. Waliponiuliza waandike jina gani, nikawaambia waandike Kushoto. Wakanitazama. Ikabidi niwaeleze kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mwanagenzi kwa kaka yangu, nilikata koti la bwana harusi nikatoa mikono miwili ya kushoto, na kitambaa kikawa kimekwisha. Ukanibandika jina, karakana nzima ikalidaka, mimi nikaondoka baada ya mwezi lakini jina likanifuata hadi huku. Wakacheka sana. Nami nikacheka, maana nimeshalizoea, na ni langu.

Mdogo wako,
Kushoto


16 Februari

Kushoto,

Marahaba. Goti la wifi yako linapanda ngazi likitaka. Mjukuu mwambie aendelee na mluzi, ila nje. Wanangu wote wazima na hawaandiki.

Wifi yako alinisomea barua yako huku mimi napiga pasi, usidhani nimekaa bure. Habari ya ukuta ilibidi airudie. Yaani watu wazima watapanda ngazi kwenda kutazama viraka. Sisi tulipokuwa wadogo, mwenye kiraka alikaa ameegemea ukuta ili kisionekane. Sasa kiraka ndicho kinapandishwa ukutani na mwenyewe anasimama mbele yake anasalimiwa. Wifi yako amenikanyaga mguu hapa. Hongera. Nilikuwa nafika huko.

Habari ya kutia kutu shuka safi kwa makusudi sitaijibu.

Kazi ipo tele. Nimebadilisha balbu za karakana mara mbili, hizi za siku hizi hazina mwanga. Kalamu hii nayo ni nene, ndiyo maana herufi zimekuwa kubwa hivi. Magunia mawili yanakuja, sufu tupu kama ulivyotaka.

Na jina lile usiliandike ukutani. Una jina ulilopewa na wazazi. Ule ulikuwa utani wa karakana, umepita, na sipendi kuuzungumzia.

Kaka yako


11 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia wanao hawaandiki, maana yake hawana shida. Huku binti yangu ameanza kazi mpya na anatoka alfajiri, kwa hiyo mjukuu anakaa na mimi darasani akitupangia vifungo kwa rangi. Ana jicho. Jana alikataa kuweka kijani karibu na zambarau, nikampa haki yake.

Magunia yamefika. Nimekaa nayo siku nzima sakafuni na sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na nilichokiona.

Zamani masalio yako yalikuwa membamba, mengine upana wa kidole. Ulikuwa ukipanga vipande juu ya kitambaa mpaka hakibaki kitu, na wateja walikuwa wakisema kwako hata panya hapati cha kubeba. Safari hii nimekuta nusu ya mgongo wa koti. Nimekuta mguu mzima wa suruali, umekatwa, haujashonwa. Nimefurahi, halafu nikaacha kufurahi.

Chini ya gunia la pili kulikuwa na mikono miwili ya koti, kijivu chenye mistari myembamba. Nikalaza mmoja mezani, uso wa kitambaa juu. Nikalaza wa pili juu yake, uso juu vilevile. Ikakaa sawasawa, kiwiko juu ya kiwiko. Unajua ninachosema. Mkono wa kulia na wa kushoto haikubali kukaa hivyo. Nikaigeuza, nikaigeuza tena, nikamwita Nesi aje aone nisije nikawa naota. Yote miwili ya kushoto, kaka.

Nilicheka mpaka machozi, nakiri. Nikasema leo Mungu amenilipia. Halafu nikaona mwisho wa mistari ya chaki. Upo mkia wako, ule unaouvuta kwa haraka kabla ya kuinua chaki, umejikunja kidogo kuelekea juu. Sijaona fundi mwingine anayemaliza mstari hivyo. Kicheko kikanikauka.

Macho yako yakoje? Nijibu wewe, si wifi.

Mikono nimeiweka katikati ya blanketi, viganja kwa viganja. Vipande vingine vyote vinazunguka hapo. Tangu nianze kazi hii sijawahi kupata katikati nzuri namna hii, na nakuomba ruhusa ya kuiacha.

Kushoto


17 Machi

Kushoto,

Barua hii inakufikia upesi kwa kuwa ni fupi.

Mikono ile si yangu. Alikuwapo fundi mgeni hapa wiki mbili, nimemwondoa. Ilitumbukia guniani kwa bahati mbaya. Itoe kwenye hilo blanketi na uichome.

Miaka thelathini na mitano watu wanakuja kwangu kwa sababu moja, na unaijua. Sitaki ikatundikwe mahali pa watu kupanda ngazi wakatazame kosa lenye jina langu.

Macho yangu mazima.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima huku. Leo habari za nyumbani naziacha hapo, maana nina hasira na sitaki zichanganyike.

Nimeitoa. Nilisimama mbele ya darasa, nikaifumua kwa mkono wangu, uzi mmoja mmoja, watu kumi na wanne wakitazama. Walidhani nawafundisha. Kitambaa hakina hata kovu. Ila sijaichoma na sitaichoma. Nguo ikishafika kwangu haichomwi, hata ikiwa imekuja na jina la takataka.

Sasa katikati ya blanketi kuna tundu. Sitaliziba. Nina vipande vya kutosha kuziba matundu kumi na sitaliziba. Agosti litapanda ukutani na tundu lake. Wakiniuliza nitawaambia hapa palikuwa na kazi ya fundi mgeni.

Na huyo fundi mgeni, hebu niambie, katika wiki mbili alijifunza vipi mkia wa chaki yako? Mimi nilikaa na wewe karibu miezi miwili na sikuuweza.

Nilimwonyesha Nesi barua yako. Usinikasirikie, nimekuwahi, nimekasirika mimi. Aliishika kwa mbali, akaona mistari inapanda mlima na herufi zinagongana, akaniuliza, "Huyu kaka yako analalamikia taa?" Nikasema ndiyo, kabadilisha balbu mara mbili. Akasema huenda ni mtoto wa jicho, aende hospitali waangalie, na kama ndiye basi anatolewa na mtu anarudi kazini. Alisema kirahisi kabisa, mtu mwingine angedhani anazungumzia mwiba.

Kaka, naogopa. Wacha niliseme hivyo hivyo lilivyo. Naufikiria ule mkasi wako mkubwa, na vidole vyako, na wewe unayekisia. Hasira yangu yote hii ni woga.

Kushoto


20 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Wiki saba sijapata neno. Hujawahi kuninyima barua muda wote huo, hata mwaka ule tuliogombania cherehani ya mama.

Nimekuwekea ndani ya bahasha kipande cha lile shuka la kutu. Huna haja ya kulisifu. Ndilo nimelitia upande wa nyuma wa blanketi, upande ambao watu hawatauona, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bitana lisikuaibishe hata kama halionekani.

Kazi imekwenda. Tunashona tabaka tatu, juu, pamba na nyuma, kwa mkono, na darasa zima limeomba kusaidia. Wanakaa kuzunguka meza nne zilizounganishwa, kila mtu na upande wake. Nesi anashona mishono mifupi, imekaza, nikimwambia alegeze anasema mgonjwa wake hatoki damu. Tunacheka, halafu kila mtu anaangalia katikati.

Wiki iliyopita alikuja msimamizi wa jumba kutazama. Mtu mwema, kiatu kimeng'aa, anatembea na daftari. Alizunguka mara mbili, akasifu, akafika kwenye tundu. "Hapa bado," akasema, "tutaweka kitu hapa?" Nikamjibu hapo hapawekwi kitu, hapo pana mwenyewe. Akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Kushoto


9 Juni

Wifi yangu Kushoto,

Huu mwandiko ni wangu, mke wa kaka yako. Yeye amekaa kwenye kiti cha wateja na anasema, mimi naandika. Amenionya nisiongeze la kwangu. Nimemkubalia.

Anasema salamu. Anasema watoto wamekuja wote kwa pamoja, jambo ambalo hakulipenda. Anasema kalamu inamchosha, ndiyo maana naandika mimi. (Si kalamu.)

Anasema koti la kijivu lilikuwa la mwalimu mkuu mstaafu, mteja wake tangu mwezi ule karakana ilipofunguliwa. Alimkatia mikono, akaona haikubali, akanunua kitambaa kingine, akakata tena. Anasema hilo halina haja ya kuelezwa zaidi. (Mara ya pili alikuwa akipapasa ukingo kwa kidole gumba, nami nilikuwa nimesimama mlangoni, sikusema. Ninajuta. Mwaka mzima namtungia uzi kwenye sindano, ananiambia nafanya hivyo kwa sababu nampenda.)

Anasema hakuna fundi mgeni aliyewahi kufika hapa. Amelisema upesi sana, nimemwomba arudie ili niandike vizuri, amekataa.

Anasema daktari amemwangalia. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anasema ana watoto wanne na hakuomba wa tano, sembuse wa sita. Anasema pia kwamba mtu anayetaka kumshika jicho na kisu amwonyeshe kwanza alijifunzia wapi kukata. Alimwambia daktari hivyo hivyo. Daktari akamwonyesha mikono yake, akamruhusu aishike. Kaka yako akaishika kwa muda mrefu, akasema inafaa.

Nilimsomea barua yako ya mwisho mara tatu. Mahali pale uliposema hapo pana mwenyewe, alinisimamisha kila mara. Siku ya pili ndiyo akasema niitafute kofia yake twende hospitali.

Anasema tarehe ishirini na nne wataanza na jicho la kulia. La kushoto lisubiri, anasema, kushoto wamezoea kusubiri.

Anasema usizibe tundu.

Hajui nimeandika yaliyo kwenye mabano. Goti langu halijambo.

Wifi yako


15 Julai

Mdogo wangu,

Tazama herufi hizi. Zimekaa juu ya mstari na ni ndogo. Kalamu ni ile ile.

Walipoondoa pamba nilimwona wifi yako. Nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja mzima na hakuna aliyeniambia. Nikamwambia amependeza, akalia, nesi wa hapo akaniambia nisimlize mke wangu. Halafu nikaletwa karakana. Ukuta niliokuwa naujua mweupe ni wa manjano. Balbu ni nzuri, zina mwanga wa kutosha kabisa.

Makoti manne yalikuwa yananing'inia kusubiri wenyewe. Nimesimama mbele yake sana. Mshono wa bega moja umekwenda kama mtu anayetafuta nyumba. Nimewatumia wateja ujumbe kwamba wasubiri, na nimeketi nikayafumua yote manne mwenyewe, uzi mmoja mmoja. Nilikuwa nakucheka kwa somo lako lile la kwanza. Sikucheki tena.

Kipande cha kutu nacho nimekiona. Mwezi wa tano nilikipapasa nikadhani umenitumia kitambaa kichafu kwa hasira. Ni kizuri. Hilo sitalirudia.

Sasa sikiliza, na ninaandika hili wifi yako akiwa sokoni.

Koti la bwana harusi. Asubuhi ile watu walikuwa wamejaa, karakana ina wiki tatu tu tangu ifunguliwe, na mimi nina haraka ya kuonekana nina haraka. Nilichora mkono wa kushoto, nikatakiwa nigeuze karatasi ya kukatia ndipo nichore wa kulia. Sikuigeuza. Nilichora kushoto mara mbili kwa mkono wangu, nikakupa mkasi. Wewe ulifuata chaki. Ulikata vizuri kama nilivyokufundisha, hukutoka nje ya mstari.

Nililiona kosa wakati ule ule ulipoiinua. Bwana harusi amesimama mlangoni na ndugu zake. Ningeweza kusema. Badala yake nikawahi kucheka, nikasema, "Jamani, huyu dada yangu ana mikono miwili ya kushoto," na watu wote wakacheka pamoja nami. Wewe hukusema kitu. Ulinitazama tu. Mwezi ukapita ukaondoka, na mimi nikaendelea kukuita hivyo miaka thelathini na mitano, kwa sababu kama ningeacha ningetakiwa kueleza kwa nini nimeacha. Ndiyo sababu sikutaka jina lile ukutani. Nilijua ni la nani.

Naona haya, dada yangu. Nilipokata ile ya kijivu nilijua limenirudia.

Ndani ya bahasha kuna lebo yangu, ile ninayoishona ndani ya mfuko wa koti, mahali ambapo anaiona mwenye koti peke yake. Rudisha mikono ya kijivu katikati, pale pake. Lebo hii ishone juu yake, kwa nje, waione wote ni kazi ya nani.

Kaka yako


29 Julai

Kaka yangu Fundi,

Shikamoo, na mara hii naisema nikiwa nimesimama. Barua yako niliisoma kwanza jikoni, nikaisoma tena kwa Nesi, nikaisoma mara ya tatu kwa darasa zima nikiruka sehemu moja tu, ile ya nywele za wifi. Mjukuu ameota jino jipya, mluzi umekwisha, mwalimu wake anasema darasa limepoa sana. Binti yangu amemwomba bosi wake siku ya kupumzika ili awepo Agosti.

Sasa na mimi nina langu.

Nilijua. Nilijua siku ile ile. Wewe ulikuwa unacheka na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa koti, natazama mwisho wa mstari, naona mkia wako. Nilifungua mdomo niseme. Halafu nikaona bwana harusi na ndugu zake mlangoni, na ubao wa karakana yako bado rangi haijakauka. Mwanagenzi akiharibu koti, watu wanacheka na kesho wanarudi. Fundi akiharibu, hawarudi. Jina langu lilikuwa bado halijafika popote. Lako ndiyo kwanza lilikuwa linatoka nyumbani. Nikafunga mdomo.

Usinifanye mtakatifu lakini. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha pasi. Nilipoondoka, niliiba mkono mmoja ule wa ziada, nikaubeba chini ya nguo zangu. Nilitaka siku moja nije nikutupie mezani mbele ya wateja. Ila nilijua chaki ikikaa inafutika. Kwa hiyo wiki ya kwanza huku, kwenye chumba kisicho na hata kiti, niliketi juu ya sanduku nikachukua uzi mweupe, nikashona juu ya chaki yako, mishono midogo, mstari mzima kuanzia begani hadi kwenye kiganja, pamoja na mkia. Nilikuwa natengeneza ushahidi.

Nilipomaliza mkia niliuinua dirishani. Kaka, ulikuwa mzuri. Mstari mweupe peke yake juu ya sufu nyeusi. Nilikaa nikiutazama mpaka nikasahau kwamba nina hasira nawe. Siku ya pili nikatafuta kipande kingine nikajaribu tena, bila sababu, kwa kutaka tu kuona. Sijaacha mpaka leo. Darasa langu, sufuria ya vitunguu, misumari, ukuta wenye ngazi pana, vyote vimeanzia kwenye kosa lako. Kwa hiyo usinionee huruma kwa jina la Kushoto. Mimi nalivaa kwa maringo, na ukutani litaandikwa.

Blanketi limekamilika. Mikono ya kijivu imerudi katikati, viganja kwa viganja. Lebo yako tumeishona kwa nje. Nesi aliomba aishone yeye, nikamkatalia, kisha nikamwachia mshono mmoja wa mwisho. Juu yake nimeongeza ule mkono mweusi, na uzi wake mweupe. Yaani sasa ni mitatu, yote ya kushoto. Msimamizi wa jumba alihesabu, akahesabu tena, akaniuliza kama ni makusudi. Nikamwambia ni ukoo.

Karatasi ya pembeni imeshachapwa. Imeandikwa: Kushoto, pamoja na kaka yake Fundi. Nimeikata mwenyewe pembe zake.

Njoo tarehe kumi na tano, na wifi, na goti. Mtapanda ngazi polepole, hakuna anayewakimbiza. Wanafunzi wangu wamekwisha kugawana nani atakushika mkono, ingawa nimewaambia unaona. Utakapofika usisimame mbali kama watu wengine. Sogea karibu mpaka jicho lako jipya likaribie kugusa, utazame ule mkono mweusi.

Jana, mbele ya darasa, niliweka rula juu ya uzi mweupe. Watu kumi na wanne waliinama kuangalia. Miaka thelathini na mitano, na mstari wako haujatoka hata kwa unene wa uzi. Ulichora sawa, kaka. Ulikosea upande tu.

Mdogo wako,
Kushoto